Saa ya Tokyo ni Saa Yetu: Mwongozo wa Kuwafuatilia Wachezaji wa Badminton wa Japani

Utahitaji daftari la mistari, penseli yenye ufutio, na simu yenye bando la wastani. Televisheni kubwa si lazima. Mimi nimewafuatilia Wajapani misimu kadhaa kwa simu ya kawaida tu nikiwa Dar es Salaam, na kitu kilichonisaidia kuliko vyote ni ile penseli. Matokeo ya Jumapili huwa yamefichwa siku nyingi kabla kwenye droo, yaani ile karatasi ya nani anakutana na nani. Asiyeisoma droo hubaki kulia na kushangilia bila kujua kwa nini.

Hatua ya 1: Shika mmoja kwanza

Japani ina wachezaji wengi wazuri kwa wakati mmoja, na ukitaka kuwashika wote wiki ya kwanza utachoka kabla ya robo fainali. Chagua mmoja.

Ningependekeza Akane Yamaguchi. Alizaliwa Juni 1997 katika mji mdogo wa Katsuyama, mkoa wa Fukui, upande wa Japani wenye theluji nyingi. Ana urefu wa sentimita 156 tu, na wengi anaokutana nao wanamzidi kwa kichwa. Anachokosa kwa urefu anakilipia kwa miguu. Kinyoya, kile kidude cha manyoya kinachopigwa badala ya mpira, ukishakihesabu kuwa kimeanguka, yeye anakifikia na kukirudisha, halafu anatabasamu kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni.

Sababu ya pili ya kumchagua ni kwamba historia yake ina maswali. Amekuwa bingwa wa dunia mara tatu: Huelva 2021, Tokyo 2022 na Paris 2025. Amecheza pia Olimpiki mara tatu, Rio, Tokyo na Paris, na mara zote tatu ameishia robo fainali. Rio alitolewa na Mjapani mwenzake, Nozomi Okuhara. Tokyo alitolewa na P. V. Sindhu wa India. Paris alishinda seti ya kwanza dhidi ya An Se-young wa Korea Kusini, kisha akapoteza mbili zilizofuata. Inawezekanaje mtu huyohuyo? Tukifika kwenye hatua ya droo utaona.

Kama moyo wako uko kwa wanaume, mfuate Kodai Naraoka wa Aomori, aliyefika fainali ya dunia Copenhagen mwaka 2023 na kushindwa na Kunlavut Vitidsarn wa Thailand baada ya kushinda seti ya kwanza. Naonya tu kwamba mechi zake ni ndefu, kinyoya huenda na kurudi mpaka chai ipoe. Ukipenda kumlea mchezaji tangu akiwa kinda, yupo Tomoka Miyazaki, bingwa wa vijana wa dunia wa mwaka 2022.

Hatua ya 2: Tenganisha majina

Hapa ndipo wageni wengi wanapokwama. Kwenye badminton ya wanawake wawili wawili ya Japani kuna Matsutomo, Matsumoto na Matsuyama. Hao ni watu watatu tofauti. "Matsu" ni msonobari, na Wajapani wanaupenda mti huo kwenye majina yao ya ukoo. Andika ukurasa wa kwanza wa daftari hivi:

Misaki Matsutomo ndiye wa Rio 2016. Yeye na Ayaka Takahashi walikuwa nyuma 16-19 kwenye seti ya tatu ya fainali dhidi ya Wadenmark Christinna Pedersen na Kamilla Rytter Juhl. Wakachukua pointi tano mfululizo, 21-19, na Japani ikapata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika mchezo huu.

Mayu Matsumoto ndiye bingwa wa dunia wa 2018 na 2019, akiwa na Wakana Nagahara.

Nami Matsuyama ndiye wa shaba ya Paris 2024, akiwa na Chiharu Shida. Wawili hao walichukua pia ubingwa wa All England, mashindano makubwa ya Uingereza, mwaka 2022 na 2025.

Halafu kuna kina Takahashi. Ayaka ni yule wa Rio, Sayaka Takahashi alicheza peke yake. Kina Watanabe pia ni wawili: Yuta, mtumia mkono wa kushoto wa mchezo wa mchanganyiko (mwanamume na mwanamke upande mmoja), na Koki wa mchezaji mmoja mmoja. Usiandike jina la ukoo peke yake hata siku moja.

Wajapani wenyewe wamejirahisishia kwa kuunganisha vipande vya majina ya wachezaji wanaocheza pamoja. Takahashi na Matsutomo waliitwa "Takamatsu", ambalo pia ni jina la mji mkuu wa mkoa wa Kagawa. Nagahara na Matsumoto ni "Nagamatsu". Yuki Fukushima na Sayaka Hirota ni "Fukuhiro". Ninalolipenda kuliko yote ni la Yuta Watanabe na Arisa Higashino, "Watagashi", maana kwa Kijapani neno hilo ni ile sukari ya nyuzinyuzi kama pamba wanayouziwa watoto kwenye viwanja vya Sabasaba. Hao Watagashi walichukua shaba ya Olimpiki Tokyo na wakarudia Paris.

Acha nafasi tupu pembeni ya kila jina, kwa sababu mbili. Kwanza, wanawake wengine hubadili jina la ukoo wakiolewa, na Higashino sasa utamwona kwenye droo akiwa Igarashi. Ukimtafuta kwa jina la zamani utadhani kastaafu. Pili, wachezaji hubadilishana wenzao. Fukushima na Hirota walipoteza fainali mbili za dunia mfululizo, 2018 na 2019, zote mbele ya Nagahara na Matsumoto, tena kwa nywele: 22-20 na 23-21 katika seti ya tatu. Miaka ikapita, na mwaka 2025 Fukushima akaingia fainali ya All England, Birmingham. Aliyesimama naye upande mmoja wa wavu ni nani? Mayu Matsumoto, yule yule aliyemnyima dhahabu mara mbili. Wakapoteza, kwa Wajapani wenzao Matsuyama na Shida. Ndiyo maana nasema penseli, siyo kalamu ya wino.

Hatua ya 3: Weka saa sawa

Mwaka 2023 mashindano ya Kumamoto Masters yalipochezwa kwa mara ya kwanza, niliona ratiba imeandikwa 10:00. Nikaweka kengele ya saa 4 asubuhi, nikalala fofofo. Nilipoamka mechi niliyoitaka ilikuwa imeisha zamani, wachezaji wameoga, wamekula na pengine wamelala usingizi wa mchana. Aibu hiyo ndiyo iliyonifanya nikae chini na kuhesabu, na hesabu ikanipa zawadi ambayo sijaona mtu akiitaja.

Saa ya Japani na saa ya Kiswahili ni moja. Namaanisha namba. Saa ya ukutani Tokyo ikionyesha 10 asubuhi, kwetu ni saa 10, ya alfajiri. Ikionyesha 3 mchana, kwetu ni saa 3 asubuhi. Ikionyesha 7 jioni, kwetu ni saa 7 mchana. Huhitaji kujumlisha wala kutoa. Japani wametutangulia kwa saa 6, na hesabu yetu ya saa imepishana na ile ya Kizungu kwa saa 6 vilevile. Sita na sita ni kumi na mbili, mshale umezunguka duara lote na kurudi ulipoanzia. Kilichobaki ni kujua tu kama ni alfajiri au mchana.

Hii ni kwa saa za Tanzania, Kenya na Uganda. Aliye Bujumbura, Kigali, Goma au Lubumbashi apunguze moja: 10 ya Tokyo kwake ni saa 9 usiku.

Kwa Kuala Lumpur na miji ya China, ongeza moja kwenye namba: saa 8 mchana, wanayoiandika 2, kwetu ni saa 3 asubuhi. Kwa Jakarta ongeza mbili. Birmingham mwezi Machi wako nyuma yetu saa 3, kwa hiyo mechi za mchana huko ni za alasiri na jioni huku, wakati mzuri kwa mtu wa kazi. Denmark na Ufaransa mwezi Oktoba tofauti ni saa moja tu, mpaka Jumapili ya mwisho ya mwezi wanaporudisha saa zao nyuma.

Tahadhari nyingine ya ratiba: mechi ya kwanza ya kila uwanja ndiyo yenye saa ya kuaminika. Zinazofuata huanza ile ya kabla ikiisha. Mimi huhesabu dakika 45 hivi kwa mechi, na akiwepo Naraoka mbele ya mchezaji wangu naongeza robo saa bila kuuliza.

Hatua ya 4: Jua wiki zipi ni za kukesha

Ziara ya dunia ya Shirikisho la Badminton Duniani, BWF, ilianza kwa mfumo wake wa sasa mwaka 2018, na mashindano yamepangwa kwa madaraja, kubwa kwanza: Super 1000, 750, 500, 300 na 100. Kwa shabiki wa Japani hakuna haja ya kufuata yote. Bando halitatosha, na ndoa pia ina mipaka yake.

Za Super 1000 ni nne: Malaysia mwezi Januari, All England mwezi Machi, Indonesia mwezi Juni, na China. Hizo usikose. Ongeza Japan Open, ambayo ni Super 750 lakini kwa Wajapani ina uzito wa nyumbani. Mwaka 2022 Kenta Nishimoto alishinda taji hilo mbele ya watu wake, mchezaji ambaye kwa miaka mingi alikuwa kivulini mwa Kento Momota. Kisha Kumamoto Masters mwezi Novemba, na fainali za ziara mwezi Desemba, ambako wanaalikwa wanane tu kwa kila aina ya mchezo.

Mashindano ya dunia hufanyika kila mwaka isipokuwa wa Olimpiki. Ya timu ni Thomas Cup kwa wanaume na Uber Cup kwa wanawake, miaka ya shufwa, na Sudirman Cup ya mchanganyiko, miaka ya witiri. Wanaodhani Japani iliamka juzi waambie kuwa wanawake wake walichukua Uber Cup mara tano kati ya 1966 na 1981, kisha wakakaa bila kombe miaka 37 mpaka Bangkok 2018. Thomas Cup wamechukua mara moja, New Delhi 2014, kwa kuifunga Malaysia 3-2. Kocha wa vikosi vyote viwili vya karne hii alikuwa Mkorea, Park Joo-bong, aliyeanza kazi Japani mwaka 2004.

Hatua ya 5: Soma droo kabla kinyoya hakijapigwa

Hii ndiyo hatua yenyewe. Nyingine unaweza kuziruka, hii usiiruke.

Droo ya kawaida ya Super 1000 au 750 ina wachezaji 32. Jumanne na Jumatano raundi ya kwanza, Alhamisi 16 bora, Ijumaa robo fainali, Jumamosi nusu, Jumapili fainali. Mchezaji wa kwanza kwa ubora huwekwa juu kabisa na wa pili chini kabisa, ili wasikutane kabla ya Jumapili. Wengine kati ya wale wanane bora hutawanywa kwa kura katika vipande vilivyobaki. Wasio kwenye wanane hao hutumbukia popote, na hapo ndipo msiba unapotokea: mchezaji mkali aliyetoka majeruhi, kiwango chake kimeshuka kwenye karatasi tu, anamwangukia mtu wako raundi ya kwanza.

Droo ikitoka, fanya hivi. Tafuta jina la mchezaji wako. Angalia nusu aliyomo, kisha robo aliyomo. Kwa penseli andika jina la mtu unayedhani atakutana naye Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, mpaka Jumapili. Pembeni ya kila jina weka rekodi yao ya kukutana, BWF wanaitoa bure kwenye tovuti yao. Halafu jiulize swali moja: mpinzani asiyemuweza amekaa upande gani?

Sasa turudi kwa Yamaguchi. Agosti 2024, kwenye ukumbi wa Porte de la Chapelle mjini Paris, droo ya Olimpiki ilimweka njia moja na An Se-young, mchezaji bora wa dunia, na wakakutana Jumamosi ya robo fainali. Mmoja lazima atoke, na An ndiye aliyeondoka Paris na dhahabu. Agosti 2025 mashindano ya dunia yakachezwa Paris tena, ndani ya ukumbi uleule. Safari hii An alikaa upande mwingine wa droo pamoja na Chen Yufei wa China. Wakamalizana wenyewe kwenye nusu fainali, Chen akashinda. Yamaguchi akaingia fainali upande wake na kumfunga Chen 21-9, 21-13.

Simaanishi kwamba ubingwa ule ulitoka mfukoni mwa bahati. Alama 21-9 hazitolewi kwa kura. Ninachosema ni kwamba shabiki aliyekuwa na karatasi alijua tangu mwanzo kwamba ile wiki ilikuwa na mlango, na mwaka wa kabla yake mlango ulikuwa umefungwa kwa Mkorea. Mimi yule wa 2024 nilikuwa nimemwekea duara An kwa penseli siku droo ilipotoka, na roho ikaniuma mapema, jambo ambalo kwa kweli linapunguza maumivu ya siku yenyewe.

Na usidhani Wajapani hawakutani wao kwa wao. Rio, Okuhara alimtoa Yamaguchi. Kwenye wanawake wawili wawili ndiyo kabisa, mara nyingi adui mkubwa wa Mjapani ni Mjapani. Hili lina sheria nyuma yake: Olimpiki kila nchi hupeleka hadi wawili kwa mchezaji mmoja mmoja kama wote wako 16 bora, na hadi timu mbili za wawili wawili kama zote ziko 8 bora. Japani huwa na zaidi ya hapo. Kwa hiyo mwaka wa kufuzu, mfuate pia Mjapani wa tatu, maana yeye ndiye anayewanyima usingizi wa kwanza na wa pili.

Hatua ya 6: Tazama, au soma alama kama unavyotazama

BWF huonyesha mechi nyingi kwenye chaneli yao ya YouTube, ingawa inategemea haki za matangazo za nchi uliyopo. Bando likiwa dogo, fungua ukurasa wa alama za moja kwa moja. Unakula data kiduchu, na ukijifunza kuzisoma, namba zinasema.

Seti ni pointi 21 na lazima upite kwa mbili, mwisho 30. Mmoja akifika 11 kuna mapumziko ya dakika moja. Angalia pointi tano baada ya mapumziko hayo, hapo ndipo kocha anapoonekana. Kwenye seti ya tatu wanabadilishana pande wakifika 11, na hilo ni kubwa kuliko linavyosikika. Kumbi kubwa zina upepo wa viyoyozi, upande mmoja kinyoya kinakimbia na mwingine kinagoma. Mtu akiongoza 11-6 kisha akahamia upande mbaya, usishangilie bado.

Ukitaka kujua mechi ya Kijapani ina ladha gani, tafuta fainali ya dunia ya Glasgow 2017, Okuhara dhidi ya Sindhu. Dakika 110. Seti ya pili iliishia kwa mpigano wa mapigo 73 bila kinyoya kugusa chini, wote wawili wakabaki wameinama wanatafuta hewa. Sindhu akachukua seti hiyo, na bado Okuhara akamaliza kazi 22-20 kwenye ya tatu. Smashi kali utaziona kwa wachezaji wa nchi nyingi. Kwa Wajapani njoo uone uvumilivu, mtu anarudisha, anarudisha, mpaka mwenzake anaanza kugombana na raketi yake.

Hatua ya 7: Hesabu pointi zinazoondoka

Viwango vya ubora hutoka kila Jumanne. Kinachohesabiwa ni matokeo 10 bora ya mchezaji ndani ya wiki 52. Bingwa wa Super 1000 hupata 12,000, anayetoka robo fainali 6,600. Aliyeshinda mwaka jana na mwaka huu akaishia robo, kapoteza karibu nusu ya pointi za wiki ile bila kucheza vibaya sana. Ndiyo maana utaona mtu kashuka nafasi nne na magazeti yanauliza kulikoni. Wewe uliyeandika matokeo ya mwaka jana pembeni ya kalenda hutauliza.

Hatua ya 8: Uangalie mwili

Andika goti, kifundo na mgongo wa mchezaji wako kama unavyoandika matokeo yake. Sayaka Hirota aliumia kano ya goti la kulia wiki chache kabla ya Olimpiki ya Tokyo. Akacheza na goti limefungwa kifaa kizito, Fukushima akikimbia kufunika nusu ya uwanja isiyo yake. Walitolewa robo fainali na Wachina Chen Qingchen na Jia Yifan, na baada ya pointi ya mwisho Wachina wale wakavuka kwenda kuwakumbatia. Shaba ya Okuhara kule Rio nayo ilitokana na goti, lakini la mpinzani: Li Xuerui aliumia kwenye nusu fainali na hakuweza kutokea mechi ya mshindi wa tatu. Ushindi wa mezani, medali halali.

Na kuna Kento Momota, ambaye daftari langu lina kurasa zake nyingi kuliko za mtu mwingine. Alisoma Tomioka, mkoa wa Fukushima, shule iliyolazimika kuhama baada ya tetemeko na ajali ya kinu cha nyuklia ya Machi 2011. Yeye siku hiyo alikuwa mazoezini Indonesia. (Watanabe na Higashino pia walipitia Tomioka. Ukiona Mjapani anacheza kwa utulivu usio wa kawaida, angalia alikosoma.) Mwaka 2016 akafungiwa kwa kucheza kamari haramu, Rio ikampita. Akarudi, akawa bingwa wa dunia 2018 na 2019, na mwaka huo wa 2019 akakusanya mataji 11. Januari 2020, saa chache baada ya kushinda Malaysia, gari lililokuwa linampeleka uwanja wa ndege likapata ajali. Dereva akafariki, Momota akapasuliwa karibu na jicho. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa 2021, aliingia kama namba moja wa dunia, akatolewa hatua ya makundi na Heo Kwang-hee wa Korea, aliyekuwa wa 38. Aliaga timu ya taifa baada ya Thomas Cup ya 2024 mjini Chengdu.

Kuna watu walimwacha mwaka 2021. Mimi niliendelea kuandika raundi ya kwanza, raundi ya kwanza, raundi ya pili, na nakushauri ufanye hivyohivyo kwa wako zamu yake ikifika. Zile kurasa ndizo ninazozisoma tena zaidi.

Hatua ya 9: Wafuate hadi kazini kwao

Mchezaji wa Japani huwa ameajiriwa na kampuni. Jezi ya taifa anaivaa kwenye ziara, lakini mshahara unatoka kwenye timu ya kampuni, na timu hizo hukutana kwenye S/J League. Momota alikuwa NTT East, Watanabe BIPROGY, kampuni iliyokuwa ikiitwa Nihon Unisys mpaka 2022. Yamaguchi yuko Saishunkan ya Kumamoto, walikokuwa pia Matsuyama na Shida. Ukilijua hili utaelewa kwa nini Kumamoto inashangilia namna ile mwezi Novemba.

Kuhusu kuwafuata kwa miguu, acha. Mwaka 2025 Shida alilazimika kusema hadharani kwamba kuna mashabiki waliokuwa wakimfuata kutoka hotelini mpaka ukumbini. Maoni kwenye picha yanatosha, na kwa Kijapani anayeheshimiwa huongezewa "senshu", yaani mchezaji: Yamaguchi senshu. Andika hivyo, watakujibu kwa furaha mashabiki wenzako wa huko.

Mwisho wa Desemba, watu wakiwa kwenye pilau za sikukuu, Wajapani wanacheza ubingwa wao wa taifa, ambao huisha siku chache kabla ya mwaka kwisha na una uzito katika kuchagua timu ya taifa. Baada yake ndipo huja habari za nani anastaafu na nani anaachana na nani uwanjani. Kaa na ufutio karibu. Shida na Matsuyama walitangaza kuachana mwaka 2025, na nilipofuta ile "Shidamatsu" karatasi ilichanika kidogo, kwa hiyo nimenunua daftari lenye karatasi nzito. Malaysia inaanza Januari, namba ya Kuala Lumpur ongeza moja.